Diski Ikinyamaza: Mwongozo Kamili wa Kupima Taimauti za Draiva kwa Kupandikiza Hitilafu

Msimu wa kahawa ulikuwa umepamba moto niliposikia simu ya mama mhasibu wa ofisi moja ya Moshi. "Fundi, mashine imeganda, na wazee wamejaa hapa nje wanasubiri malipo yao." Nikapanda Coaster kutoka Arusha, kilomita 80 hivi, nikaikuta seva inawaka, feni zinazunguka, taa za diski zote kijani. RAID 5 ya diski nne (diski zilizounganishwa ili moja ikifa data ibaki) ilikuwa imezitupa nje diski mbili kwa mkupuo. Nilizichomoa nikazipima moja moja karakana. Zote mbili zilikuwa nzima, ukiacha sekta chache mbovu.

Kumbe hazikuwa zimekufa. Zilikuwa zimenyamaza. Diski nyingi za kompyuta za mezani zikikutana na sekta isiyosomeka hung'ang'ana kuisoma tena na tena, nyingine kwa zaidi ya dakika nzima, na muda wote huo hazijibu lolote. Kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo endeshi, kwa kawaida huisubiri diski ya SATA au SCSI (aina mbili za muunganisho wa diski) sekunde 30. Muda ukiisha, draiva, yaani sehemu ya kerneli inayozungumza na diski, inajaribu kuifuta amri, kisha inairiseti diski, lakini diski bado imezama kwenye kazi yake. Mwishowe RAID inaihesabu kuwa maiti.

Hiyo ndiyo taimauti: muda wa kusubiri kuisha kabla jibu halijafika. Diski inayosema "nimeshindwa" haisumbui sana, kwa sababu kila ngazi ya mfumo imezoea kusikia neno hilo. Inayosumbua ni ile isiyosema kitu. Msimbo wa draiva unaoshughulikia ukimya haupitiwi siku za kawaida, ndiyo maana makosa hukaa humo miaka bila kuonekana. Tangu siku ile ya Moshi, seva haitoki kwenye karakana yangu ya Kijenge kabla sijainyamazisha makusudi nikaona inafanya nini. Hapa chini naeleza ninavyofanya.

Tenganisha mambo matatu kwanza

Kuna polepole, kuna kosa, na kuna ukimya. Watu huyachanganya, na jaribio zima linakwenda upande.

Ukitumia dm-delay, zana ya kerneli inayowekwa juu ya diski, unachelewesha ombi kabla halijamfikia draiva wa chini. Saa ya draiva huyo haijaanza hata kuhesabu, kwa hiyo unachopima ni uvumilivu wa programu iliyo juu. Ukitumia dm-flakey au dm-error, ombi linarudishwa haraka likiwa na kosa, na hilo ni jibu. Nimeona vijana hodari wakiandika kwenye ripoti "tumepima taimauti" kumbe wamepima makosa tu. Zana hizo ni nzuri kwa kazi yake, ila kazi yake si hii.

Saa ya taimauti huwashwa na ngazi ya bloku ya kerneli (sehemu inayopokea maombi yote ya diski) pale ombi linapokabidhiwa kwa draiva. Jibu likiwahi, saa inazimwa. Saa ikiwahi, kerneli inaiita kazi maalumu ndani ya draiva na kuiuliza: tufanyeje? Upande wa SCSI kinachofuata ni ngazi ya kupanda hatua kwa hatua: kufuta amri, kuriseti diski, kuriseti basi, kuriseti kontrola nzima, na vyote vikishindikana diski inawekwa nje ya kazi. Upande wa NVMe, diski za kasi zisizopita kwenye SCSI, ngazi ni fupi: taimauti ya kwanza hutuma amri ya kufuta, ya pili kwa ombi lile lile huriseti kontrola. Kwa hiyo kwa mipangilio ya kawaida NVMe inaweza kunyamaza sekunde 60 kabla ya kuamka.

Mahali pa kufanyia

Fanya kwenye kompyuta pepe. Usifanye kwenye seva inayofanya kazi, hata kama mwenye seva amekuruhusu, hata kama ni usiku. Laptopu ya RAM ya GB 8 inatosha, nayo ikiwa na betri nzima umeme ukikatika katikati hupotezi kazi.

Uangalifu mmoja kuhusu QEMU, programu ya kuendesha kompyuta pepe. Watu wengi huipa kompyuta pepe diski ya virtio, ile inayoonekana kama `vda`. Draiva ya virtio_blk haina kabisa kazi ya kushughulikia taimauti: saa ikilia, ngazi ya bloku inaiwasha upya tu, na ombi linasubiri milele. Ile ya virtio-scsi nayo huongeza muda kila saa inapolia, kwa imani kwamba mwenyeji lazima atajibu. Ukipandikiza ukimya hapo utaona mashine imeganda, utadhani umegundua kosa kubwa, kumbe ndivyo zilivyoandikwa. Ongeza diski ya NVMe ya kuigiza:

```
-drive file=jaribio.img,if=none,id=n0 -device nvme,drive=n0,serial=arusha01
```

Ndani ya kompyuta pepe sakinisha fio (ya kuipa diski kazi na kuipima), lsscsi (ya kuorodhesha diski), mdadm (ya RAID) na smartmontools (ya kuiuliza na kuipanga diski yenyewe). Fungua terminali mbili, moja iwe inaonyesha `dmesg -wT`, yaani ujumbe wa kerneli, muda wote. Amri zote zinazofuata zinahitaji mamlaka ya msimamizi.

Kabla hujagusa chochote, andika kwenye daftari unachotegemea kuona: programu itasubiri muda gani, itapata kosa au itafanikiwa, diski itabaki kazini au itatolewa. Ukiandika baada ya kuona, akili hukubali lolote lililotokea.

Hatua ya 1: diski ya bandia ya scsi_debug

Hii haihitaji kerneli maalumu, ndiyo maana naanza nayo. Ni moduli inayotengeneza diski ya SCSI ndani ya RAM, na imeandikwa makusudi ili iweze kukosea.

```
modprobe scsi_debug dev_size_mb=256
lsscsi
cat /sys/block/sdb/device/timeout
cat /sys/block/sdb/device/eh_timeout
```

Hakikisha kwa `lsscsi` kwamba `sdb` ndiyo ya scsi_debug. Nambari ya kwanza ni 30, sekunde za kusubiri amri ya kawaida. Ya pili ni 10, sekunde za kusubiri amri zinazotumwa wakati wa uokoaji. Punguza ya kwanza ili usikeshe:

```
echo 5 > /sys/block/sdb/device/timeout
```

Endesha fio bila hitilafu yoyote kwanza, upate kipimo cha hali ya afya:

```
fio --name=jaribio --filename=/dev/sdb --rw=randwrite --bs=4k \
    --size=64m --iodepth=16 --ioengine=libaio --direct=1 \
    --verify=crc32c --verify_fatal=1
```

Inaandika maombi 16,384, kisha inayasoma yote na kulinganisha. Kigezo cha `--verify` usikiache. Draiva inayopona haraka lakini inarudisha data isiyo sahihi ni mbaya kuliko inayoganda, na bila ulinganisho huo hutaijua.

Sasa iambie moduli iidharau amri moja katika kila 2,000:

```
cd /sys/bus/pseudo/drivers/scsi_debug
echo 2000 > every_nth
echo 4 > opts
```

Rudia fio. Kwa kuandika na kusoma ni maombi 32,768, hivyo tegemea ukimya kama mara 16. Kwenye matokeo tazama ucheleweshaji wa juu kabisa, ule wa `max` kwenye mstari wa `clat`. Utaruka kutoka mikrosekunde hadi sekunde 5 na ushee. Ukiona 6 usishtuke: ngazi ya bloku hukusanya saa zake kuelekea sekunde kamili ili isiamshe kichakato ovyo, kwa hiyo saa huchelewa kidogo lakini haiwahi. Kutegemea toleo la kerneli, kwenye dmesg utaona amri ikifutwa kimyakimya na kurudiwa, au utaona uokoaji ukipanda hadi kuriseti diski. Vyovyote iwavyo, fio imalize bila kosa la ulinganisho.

Nambari 4 hudharau amri ya aina yoyote, hata ile ya kuuliza "uko tayari?" Nambari 128 hudharau za kusoma na kuandika pekee, huku maswali mengine yakijibiwa vizuri. Jaribu zote mbili, maana ya pili ndiyo inayofanana na maradhi ya kweli: diski inayosema iko tayari lakini ikipewa kazi haifanyi. Draiva ya diski za SCSI ina kinga ya hali hiyo. Diski ikishindwa mara nyingi mno huku ikidai ni mzima, utasoma `Medium access timeout failure. Offlining disk!` na itatolewa kazini.

Hatua ya 2: ukimya wa moja kwa moja

```
echo -1 > every_nth
echo 4 > opts
dd if=/dev/zero of=/dev/sdb bs=4k count=1 oflag=direct
```

Sasa hakuna amri inayojibiwa. Washa saa ya mkononi, usiguse kitu. Uokoaji utapanda ngazi zote, na kila ngazi ina swali lake la "uko tayari?" linalosubiriwa hadi sekunde 10. Ndiyo maana taimauti uliyoipa sekunde 5 inaweza kuzaa ukimya wa dakika nzima au zaidi kabla `dd` haijaambiwa ukweli. Muda huo uandike. Ndio programu yako itakaouonja, na hauonekani kwenye mpangilio wowote.

Hesabu pia hali ya kawaida: ombi la diski hurudiwa hadi mara 5 baada ya jaribio la kwanza, kwa hiyo kwa taimauti ya 30 ombi moja linaweza kudumu hadi sekunde 180. Kerneli inayofuatilia kazi zilizokwama hulalamika baada ya sekunde 120. Ukikuta `blocked for more than 120 seconds` kwenye kumbukumbu za seva, usikimbilie kusema kerneli ina kosa. Inawezekana ni uokoaji wa halali ambao bado haujamaliza ngazi.

Mwisho soma hali ya diski, kisha iponye:

```
cat /sys/block/sdb/device/state
echo 0 > opts
echo 0 > every_nth
echo running > /sys/block/sdb/device/state
```

Diski isiporudi baada ya hapo, au moduli ikikataa kuondolewa kwa `rmmod`, kuna ombi lililobaki limeshikwa mahali. Hilo ni kosa la kweli. Liandike na dmesg yake yote.

Hatua ya 3: jibu na saa vikigongana

Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko pengine pote, na ningekuomba nawe ukae. Ukimya kamili ni rahisi kwa draiva: hakuna jibu, basi. Kigumu ni jibu linalofika wakati ule ule saa inalia. Upande mmoja wa msimbo unalifunga ombi kwa sababu jibu limekuja, upande mwingine unalifunga kwa sababu muda umeisha. Wakilifunga wote wawili, kumbukumbu iliyokwisha kuachiliwa inatumiwa tena, na seva inaanguka siku ambayo hakuna anayeweza kueleza kwa nini.

Panga muda wa majibu uwe wa kubahatisha, upite pande zote mbili za taimauti:

```
echo 2 > /sys/block/sdb/device/timeout
echo 1 > random
echo 1000 > delay
```

Kigezo cha `delay` huhesabiwa kwa mipigo ya saa ya kerneli. Kwa kerneli yenye `CONFIG_HZ=250`, 1000 ni sekunde 4; yako ikiwa tofauti, rekebisha. Kwa `random` majibu yatasambaa kati ya 0 na 4. Punguza fio hadi `--size=1m`, kwa sababu maombi 256 tu yatachukua dakika kadhaa. Kisha endesha tena na tena, usiku kucha ukiweza.

Jaribio hili lina thamani mara kumi zaidi kwenye kerneli iliyojengwa na KASAN, kinasa-makosa cha kumbukumbu. Bila KASAN, kosa la kutumia kumbukumbu iliyoachiliwa linaweza kupita mara 1,000 bila dalili. Ukiwa nayo, linapiga kelele mara ya kwanza.

Hatua ya 4: draiva halisi na fail_io_timeout

scsi_debug inapima ngazi ya SCSI. Haigusi draiva ya NVMe wala ya kontrola yako. Kwa hilo kerneli ina mfumo wake wa kupandikiza hitilafu, na ndani yake `fail_io_timeout`. Kwanza tazama kama unao:

```
grep -E 'FAULT_INJECTION|FAIL_IO_TIMEOUT' /boot/config-$(uname -r)
```

Kwenye kerneli nyingi za kawaida umezimwa, kwa hiyo jiandae kujenga yako. Usipakue historia yote ya git kwa bando la simu. Chukua faili moja lililobanwa la toleo unalotaka, au tumia `--depth 1`. Anza na faili la mipangilio la kerneli yako ya sasa, kisha:

```
scripts/config -e DEBUG_FS -e FAULT_INJECTION \
  -e FAULT_INJECTION_DEBUG_FS -e FAIL_IO_TIMEOUT -e KASAN
make olddefconfig
make -j$(nproc)
```

Ukishaiwasha:

```
mount -t debugfs none /sys/kernel/debug
cd /sys/kernel/debug/fail_io_timeout
echo 100  > probability
echo 1000 > interval
echo 10   > times
echo 1    > verbose
echo 5000 > /sys/block/nvme0n1/queue/io_timeout
echo 1    > /sys/block/nvme0n1/io-timeout-fail
```

Ikiwa debugfs, saraka ya kerneli ya kufanyia uchunguzi, tayari imepachikwa mahali pake, mstari wa kwanza utalalamika tu, endelea. `probability` ni asilimia. Hata 1 ni nyingi mno kwa diski inayopokea maelfu ya maombi kwa sekunde, ndiyo maana naweka 100 na kuachia `interval` ichague moja katika 1,000. `times` ni kikomo. Ukiweka -1 haitakoma, na hilo usilifanye siku ya kwanza. `io_timeout` hapa ni milisekunde, tofauti na sekunde za SCSI hapo juu. Mstari wa mwisho ndio unaoelekeza hitilafu kwa diski moja tu. Hakikisha jina lake mara mbili.

Endesha fio kwenye `/dev/nvme0n1`. Kwenye dmesg utaona `FAULT_INJECTION: forcing a failure`, baada ya sekunde 5 `timeout, aborting`, na baada ya nyingine 5 `timeout, reset controller`. Kisha maombi yote yaliyokuwa njiani yanatumwa upya.

Elewa vizuri kinachotokea hapa. Diski imefanya kazi yake na imejibu. Kerneli imelipuuza jibu. Kwa hiyo data ilikwisha kuandikwa, na ikirudiwa inaandikwa mara ya pili. Amri ya kufuta haikuti kitu cha kufuta. Jaribio hili linapima kumbukumbu ya draiva na uwezo wake wa kuriseti, si diski iliyokwama kweli. Tena jibu lililopuuzwa halirudi, kwa hiyo mgongano wa Hatua ya 3 hautokei hapa. Unahitaji yote mawili.

Utakuta pia `/sys/kernel/debug/nvme0n1/fault_inject`. Hiyo hubadilisha jibu kuwa kosa, haileti ukimya.

Hatua ya 5: RAID juu yake

Hili ndilo lililonipeleka Moshi. Usijenge RAID kwa diski mbili za scsi_debug: kwa kawaida zote hutumia eneo moja la RAM, kwa hiyo nakala mbili zitalingana daima hata RAID ikiwa imekosea. Changanya na faili:

```
truncate -s 256M /tmp/pacha.img
losetup /dev/loop9 /tmp/pacha.img
mdadm --create /dev/md9 --run --level=1 --raid-devices=2 /dev/sdb /dev/loop9
```

Rudisha `delay` na `random` zilivyokuwa (1 na 0), weka taimauti ya kawaida ya 30, anza fio kwenye `/dev/md9`, kisha inyamazishe `sdb` kama kwenye Hatua ya 2. Pacha wake ni mzima kabisa, lakini uandishi wote utasimama mpaka `sdb` itangazwe maiti. Kijana mmoja ninayemfundisha aliniuliza, "Kaka, si kuna diski nyingine? Inasubiri nini?" Inasubiri kwa sababu RAID haina saa yake. Inategemea saa ya draiva iliyo chini. Pima muda huo, kisha rudia kwa taimauti ya 10 na ya 5, uone tofauti.

Hatua ya 6: kwenye diski za kweli

Muulize kila diski kama inakubali kuwekewa kikomo cha kung'ang'ana:

```
smartctl -l scterc /dev/sda
smartctl -l scterc,70,70 /dev/sda
```

70 ni sekunde 7, chini kabisa ya 30 za kerneli, hivyo diski itasema "nimeshindwa" kabla haijahesabiwa maiti, na RAID itaisahihisha sekta ile kutoka diski nyingine. Diski nyingi husahau mpangilio huu zikizimwa, kwa hiyo uweke kwenye skripti ya kuwasha mashine. Diski ikikataa, fanya kinyume chake: ongeza subira ya kerneli.

```
echo 180 > /sys/block/sda/device/timeout
```

Kwenye ofisi ile ya Moshi, diski mbili zilikubali 70 na mbili zilikataa. Zilizokataa nikazipa 180, nikaandika hivyo kwenye karatasi na kuibandika ndani ya mlango wa kabati la seva, pamoja na tarehe. Mama mhasibu aliisoma, akauliza, "Sasa ikiganda tena nisubiri kiasi gani?"

"Dakika tatu, mama. Zikipita tatu, nipigie."